Dawati Lililokosa Shule

Khocha alikataa jeneza la kununua. Alisema dada yake hatazikwa ndani ya sanduku la mtu asiyemjua, akachukua msumeno, akaenda kwenye mpaka wa shamba pale Bokoli na kuuangusha mti wa saiprasi uliokuwa umesimama peke yake. Siku iliyofuata alianza kuzipiga randa mbao zake nyuma ya jikoni. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake wa kijiji, tunachambua mboga za matanga. Mpaka wakati huo nilikuwa sijalia. Watu walikuwa wameanza kuniangalia vibaya, maana binti wa pekee wa marehemu hawezi kukaa na macho makavu namna ile na watu wanyamaze. Kisha upepo ukaleta harufu ya mbao mbichi, kali na tamu kwa pamoja, na kiganja changu cha kulia kikaanza kuuma. Si moyo, kiganja. Paliuma pale chini ya vidole, ambapo ukingo wa dawati ulikuwa ukinikata nilipokuwa mtoto. Nikaangusha sufuria, nikapiga ukemi, na wale wanawake wakaridhika.

Khocha ni kaka wa mama. Ana jina lake, Barasa, lakini kwetu mjomba ni khocha hata akiwa na mvi, na sijawahi kumwita vingine. Ndiye aliyetengeneza jeneza, na ndiye aliyetengeneza dawati. Mikono ilikuwa ile ile na randa ilikuwa ile ile. Hilo ndilo lililonivunja.

Ninyi mliosoma shule za serikali wakati wetu mnajua habari ya madawati. Hakuna mahali ilipoandikwa, na afisa yeyote ukimuuliza atakuapia kwamba elimu ni bure na kila mtoto anapokelewa. Lakini mzazi akifika shuleni na mtoto mgeni, mwalimu mkuu alimwangalia mtoto mara moja, kisha akaangalia nyuma yake kuona kama kuna kitu kimebebwa. Mtoto mgeni alikuja na dawati. Ndivyo shule za pembezoni mwa mji zilivyojisaidia, na siwalaumu walimu. Leo mimi mwenyewe ni mwalimu huku Bungoma, nina darasa ambalo mwisho wake siuoni vizuri nikisimama ubaoni. Siwalaumu, lakini bado nina hasira. Hayo mawili yanakaa ndani yangu bila kusalimiana.

Baba alikufa nikiwa darasa la tatu. Tuliishi Malakisi, kwenye boma la ndugu zake, na huko kila nyumba ililima tumbaku. Mama hakuiweza tumbaku. Moshi wa banda la kukaushia ulimkaba kifua, akawa anakohoa kuanzia mavuno mpaka mvua. Matanga yalipokwisha, mwanamke mmoja wa kwao alimwita Kitale, akampatia kazi ya kuchambua mahindi kwenye ghala la mfanyabiashara. Mama akapanga chumba kimoja kwenye mtaa ule unaoanzia lami inapoishia. Kisha akarudi kunichukua.

Baba mdogo aliitisha kikao. Sitaki kumfanya awe mtu mbaya, ingawa kwa miaka mingi nilimchukia kwa moyo wangu wote. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyeshika kofia magotini wakati wote alipozungumza.

"Shemeji, mimi sikatai," alisema. "Lakini mtoto ya ndugu yangu hawezi kushinda ndani ya rumu huko taoni kama kuku ya kufungwa. Hapa shule iko, na anaijua. Haya, mwende. Shule zikifunga ile likizo kidogo ya katikati ya muhula, nitakuja Kitale. Nikipata amevaa uniform, mimi nitanyamaza na hawa wazee watanyamaza. Nikipata hana shule, narudi naye. Ama naongea vibaya?"

Wazee walisema haongei vibaya. Mama alifunga leso yake vizuri kiunoni, akasema, "Atakuwa na shule."

Basi hilo ndilo lililokuwa kichwani mwa mama tangu siku tuliyoingia Kitale: sweta. Akipata sweta ya shule, amenipata mimi. Asipoipata, amenipoteza. Na mimi nilijua, maana hakunificha.

Nilizijua shule za Kitale kwa rangi kabla sijajua jina la hata moja. Asubuhi watoto walitoka vichochoroni rangi zimechanganyika, kisha pale njia panda wakajitenga kama mahindi yanavyotengwa ghalani, kijani huku, maruni kule, samawati wakivuka reli, na wale wa sweta za kijivu wakipanda barabara ya kuelekea Endebess. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai nikiwaangalia. Nilidhani sweta ni ukoo. Nilidhani mtoto anazaliwa kijani au anazaliwa maruni, na baba yake alikuwa hivyo, na babu yake. Ndiyo sababu, nilijiambia, hatupati shule: sisi ni watu wa Malakisi na Bokoli, hapa hatuna rangi.

Leo najua kwamba shule zote zile zilikuwa za ofisi moja. Ilikuwa mjini, kwenye jengo lenye benchi refu nje, na kutoka pale mwalimu alihamishwa kutoka kijani kwenda samawati bila hata kubadilisha viatu. Chaki zilitoka sanduku moja, na mitihani ilichapwa pamoja. Tofauti ilikuwa sweta tu na jina la kanisa lililotoa kiwanja. Na zote zilikuwa zimejaa. Mji ulikuwa umetambaa nje ya mipaka yake. Mashamba ya mahindi yalikatwa ploti, ploti zikajengwa nyumba za kupangisha, watu wakashuka kutoka Mlima Elgon na kupanda kutoka Bungoma, na hakuna aliyekumbuka kwamba nyumba za kupangisha huzaa watoto. Madarasa yalibaki yale yale ya zamani.

Tulianza na kijani kwa sababu ilikuwa karibu. Mwalimu mkuu wake alikuwa mzee mwenye sweta kama ya watoto wake, na hilo lilinithibitishia habari ya ukoo.

"Mama, darasa la nne wanakaa wanne wanne kwa dawati," alisema. "Wengine wako chini. Lakini lete dawati, tutaangalia."

"Nikireta dawati utamchukua, mwarimu?" Mama alikuwa na ulimi wa Bokoli, na akiwa na wasiwasi r na l zilibadilishana viti.

"Wewe lete kwanza."

Mama alimpigia khocha kwa simu ya dukani. Khocha hakuuliza maswali mengi. Kwenye mpaka wa shamba palikuwa na saiprasi moja iliyopandwa na babu, mti mnene wa kivuli, ambao bibi aliukataza hata kuguswa. Khocha aliuangusha. Alipasua mbao, akazipiga randa, akaunda dawati la watu watatu, benchi na meza vikiwa kitu kimoja, miguu upande huu na miguu upande ule. Likapanda Kitale juu ya lori lililokuwa limeshusha mahindi Webuye na kurudi tupu. Nilipolipokea pale barabarani nililinusa, nikalilamba kidogo kwa siri. Lilikuwa kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Nilidhani ni langu, kwamba nitakaa pale katikati peke yangu na kutandaza vitabu vyangu kulia na kushoto.

Tulipolipeleka kijani, yule mzee alitoka nje akalipapasa. Nilimwona akilitamani.

"Ulichelewa, mama. Kuna wengine walileta wiki iliyopita. Sasa hata mlango haufungi vizuri."

"Si ulisema nilete?"

"Nilisema tutaangalia. Nenda uangalie mwenyewe basi."

Mama aliangalia, akarudi. Tukalinyanyua tena. Hivyo ndivyo ilivyoanza safari yetu na dawati. Mama alishika mbele, mimi nyuma, ukingo ukinikata kiganja, tukipumzika kila palipokuwa na kivuli. Tulilipeleka maruni. Tulivuka nalo reli kwenda samawati. Watu walituzoea. Wenye maduka walitupigia kelele, "Bado tu, mama?" na mama akajibu, "Bado, lakini leo Mungu yuko," kisha kesho yake tukapita tena. Huko ghalani alikuwa akiomba ruhusa asubuhi na kulipa kwa kazi ya jioni, mpaka msimamizi akaanza kumwambia kwamba mahindi hayachambuliwi kwa maombi.

Nilikuwa mtoto wa pekee Kitale nzima mwenye dawati na asiye na shule. Wakati mama anazungumza ofisini, mimi nilikaa juu yake pale uwanjani. Ndani, kupitia dirishani, niliwaona watoto wamekaa sakafuni, vitabu juu ya magoti, wakiniangalia mimi na dawati langu tupu. Mimi niliziangalia sweta zao. Sijui ni nani aliyemwonea mwenzake wivu zaidi.

Mama alikwenda hata kwenye ile ofisi ya mjini. Tuliacha dawati kwa mlinzi, tukakaa kwenye benchi refu mpaka mchana. Karani aliyetusikiliza alikuwa kijana mwenye huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana mtu mkali ungeweza kumkasirikia.

"Mama, sheria ni kwamba lazima wamchukue," alisema. "Lakini mimi siwezi kupanua darasa nikiwa hapa. Rudi tu uongee na walimu wakuu. Ongea nao vizuri."

"Nimeongea nao vizuri mpaka nimekauka," mama alisema.

Ilibaki kijivu, ile ya barabara ya Endebess, na likizo ya katikati ya muhula ilikuwa inakuja wiki iliyofuata. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke, Madam Chebet, mrefu, mwenye sauti iliyozoea upepo wa mlimani. Ilikuwa Ijumaa asubuhi na baridi kali, na mama alikuwa amenifunika leso yake mabegani. Walisimama nje ya darasa la nne na mimi nikiwa kati yao.

"Nitakuambia ukweli," alisema Madam Chebet. "Hii dawati vile iko, haiwezi kuingia hapo ndani. Nafasi imebaki ni hiyo tu ya chini ya dirisha, na hapo ni pa mtoto mmoja."

Kengele ya mapumziko ikalia. Watoto wakamwagika nje. Sikungoja kusikia zaidi. Niliteleza mlangoni kama kuku anayeingia jikoni, nikaenda mpaka chini ya dirisha. Kweli palikuwa na nafasi, kati ya dawati la mwisho na ukuta, imejaa vumbi na karatasi za peremende. Nikaivua leso, nikaitandaza kutoka dawati mpaka ukutani, na pale ilipogusa ukuta nikafunga fundo. Kumbe tatizo lilikuwa hilo tu! Siku zote zile, kijani, maruni na samawati, walikuwa wakitukataa kwa sababu khocha alitengeneza dawati pana mno.

Nilipotoka, mama alikuwa akimshukuru Madam Chebet kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa mara kwa mara. Aliambiwa arudi na dawati Jumatatu asubuhi, si leo, kwa sababu stoo haikuwa na kufuli. Tulilirudisha nyumbani. Njiani mama alianza wimbo wa kanisani na mimi nikamfuata, na sikumwambia habari ya fundo. Nilitaka iwe furaha ya ghafla.

Jumamosi mama alikwenda ghalani kulipa kazi aliyodaiwa na msimamizi. Mwenye nyumba wetu, Mama Chemutai, aliishi upande wa pili wa uwanja na kuku wake, na msumeno wa marehemu mume wake ulikuwa ukining'inia kwenye banda la kuku. Nilimwomba. Alikuwa anafua, akasema tu, "Usiukate mkono, eti mama yako anilaumu." Nikalitoa dawati nje, nikalipima kwa leso, nikatia alama kwa kipande cha makaa.

Saiprasi ni mti laini, lakini mimi nilikuwa mdogo. Nilikata juani, nikapumzika, nikakata tena. Harufu ilijaa uwanja mzima. Kuku walikuja kudonoa vumbi la mbao wakaliacha. Nilikata meza, nikakata benchi, nikakata ule ubao wa chini wa kuwekea miguu, na jasho likaingia machoni, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena tangu siku ile. Ubao wa mwisho ulipokatika, nusu zote mbili ziliegemea upande taratibu, zikaanguka. Kila nusu ilikuwa na miguu upande mmoja tu. Nilizisimamisha, zikaanguka. Nikaweka jiwe, zikaanguka. Nilikuwa bado nazisimamisha mama alipoingia, nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi la mahindi.

Aliiangalia leso yake chini, akaliona fundo.

"Nani alikuambia?" aliuliza.

"Madam alisema hapo ni pa mtoto mmoja."

"Nafura!" Hakuwahi kuliita jina langu hivyo. "Alisema watatu! Alisema Jumapili ataita watu wasongeshe madawati yote, ili hii iingie. Alitaka kukalisha wewe na wale wawiri wanakaa chini! Ni hao wawiri walikuwa wanakuingiza, mtoto wangu, si wewe!"

Basi nikajua. Dawati halikuwa langu hata siku moja. Lilikuwa la watoto wawili waliokuwa sakafuni, wasionijua, na mimi nilikuwa nimepewa pembe yake kama asante. Mama aliinua mkono na mimi nikafumba macho nikiusubiri. Haukuja. Nilipofumbua alikuwa ameketi chini juu ya vumbi la mbao, leso imefunika uso. Ningetoa chochote anipige.

Jumatatu tulipeleka nusu zote mbili. Mama alibeba moja, mimi moja. Sijui alitumaini nini. Madam Chebet alizitazama zote mbili, uso ukamsawijika.

"Mama Nafula, sasa hii ni kuni," alisema polepole.

"Ndugu yangu fundi anaweza kuja kuunga."

"Lini?"

Khocha hakuwa na ubao mwingine wala mti mwingine, na sisi tusingeweza kununua mbao. Na kulikuwa na baba mmoja pale mlangoni, na mtoto wake, na dawati zima lililopakwa vanishi. Madam Chebet aligeuka akawaangalia, kisha akatuangalia sisi. Naamini iliuma. Lakini nyuma ya darasa watoto wawili walikuwa bado wamekaa chini.

Baba mdogo alifika wiki hiyo hiyo, na kofia yake mkononi. Alinikuta nimevaa gauni la nyumbani. Hakusema maneno ya kujisifu. Alikunywa chai, akauliza habari za kifua cha mama, akaniambia nikusanye nguo. Mama alinisindikiza mpaka mlangoni tu. Alisimama pale ameshikilia nusu ya dawati, mikono miwili, kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake. Hakulia na hakunikumbatia. Nikamwelewa kwa akili yangu ya kitoto: nimeharibu dawati, sasa ananirudisha. Kati yangu na ule ubao, amebaki na ubao.

Niliiamini hadithi hiyo miaka mingi kuliko ninavyopenda kusema.

Malakisi nilisoma, sikunyimwa shule. Likizo zilikuwa za tumbaku. Tulitunga majani kwenye fito mpaka utomvu ukatugandia mikononi, mweusi, mchungu, na ugali ukawa mchungu kwa sababu unaliwa kwa mikono ile ile. Mama alikuja kila Krismasi. Alileta mkate na mafuta ya kujipaka, na kabla ya kukaa na watu alinivuta jikoni, akanikalisha kwenye kiti, akasema, "Kunja mkono." Nilikunja. Alishika kiwiko changu, akateremsha leso kutoka pale mpaka sakafuni, akafunga fundo pembeni. Nilidhani ni mambo ya maombi, kwamba kuna mchungaji huko Kitale anayeombea viwiko. Nilikuwa mkubwa sasa, nimenuna, sikuuliza.

"Mwaka ujao," alikuwa akiniambia. "Mwaka ujao utakuja kwangu. Khocha amepanda mti mwingine pale pale pa ule wa kwanza. Ukikomaa atatengeneza dawati ingine."

Mwanzoni nilihesabu mti ule kama mtu anavyohesabu mshahara. Nikienda Bokoli nilikimbilia mpakani kuuona. Ulinifika magotini, ukanifika kiunoni. Lakini mti hukua kama mti na mtoto hukua kama mtoto. Nilimaliza shule ya msingi wakati saiprasi ya khocha haijatosha hata mpini wa jembe. Nikaenda sekondari ya bweni, nikaenda chuo cha ualimu, nikapata kazi Bungoma. Mama na mimi tuliendelea kukutana Malakisi, na baadaye kwangu, tukizungumza habari za bei ya mahindi na kifua chake. Kitale hakuniita kamwe. Nikitaja kwenda, alisema, "Chumba chenyewe hakina pahali pa kukaa. Nitakuja mimi." Na mimi, na kinyongo changu nilichokilea kama ng'ombe wa maziwa, nilisema sawa.

Kisha kifua kikamshinda, na khocha akaenda mpakani na msumeno. Mti ulikuwa umekomaa.

Baada ya mazishi nilikwenda Kitale kutoa vitu. Lami sasa imepita mtaa wetu na kwenda mbali, lakini uwanja ni ule ule, na Mama Chemutai yuko, amepungua, kuku ni wengine. Aliniambia pole, akanishika mikono yote miwili, kisha akaanza malalamiko akiwa bado amenishika.

"Mama yako alikuwa mtu mzuri, lakini alinimalizia ukuta. Nitapiga plasta aje? Kila Januari nasikia nyundo. Ko ko ko! Namuuliza, Mama Nafula, unajenga nini kwangu? Ananiambia, mtoto amekua."

Alifungua mlango. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Kitanda, jiko la makaa, sanduku, kiti kimoja cha mbao. Na ukutani, chini ya dirisha, nusu ya meza ya dawati langu, imepigiliwa misumari juu ya vipande vya miguu yake, imesuguliwa mpaka inang'aa. Chini yake ukuta ulikuwa umetobolewa, mashimo juu ya mashimo, yakipanda kutoka karibu na sakafu kama ngazi, kila safu juu kidogo kuliko ile iliyotangulia. Pembeni kwenye msumari ilining'inia leso ile, kuukuu, mafundo yamejaa ukingo wake.

"Shule zikifunguliwa tu, anajifunga hiyo leso anaenda," Mama Chemutai alisema nyuma yangu. "Anaanza na hii ya kijani. Anavuka reli. Anaenda mpaka kwa hao wa kijivu. Jioni anarudi, miguu ni vumbi tupu. Namwambia, si uache, bana, mtoto akona shule huko kwao. Anasema, 'Akona, lakini si hapa na mimi.' Halafu anashika nyundo."

"Mpaka lini?" nilimuuliza.

"Mpaka lini nini? Hata ukiwa chuo alienda! Nikamcheka. Nikamwambia, huyo sasa ni mwalimu mzima, atakaa na watoto wa darasa la nne? Na yeye akacheka. Akasema, shule wakikataa, wakatae, lakini siku yenye atakuja apate pahali pa kukaa."

Aliniletea nyundo ili ning'oe misumari, akaenda kulisha kuku. Nilisimama nikiuangalia ule ubao. Upande mmoja ulikuwa umenyooka, kazi ya khocha. Upande mwingine ulikuwa umepinda, umechanika, kazi ya mtoto aliyekuwa na haraka na furaha. Mama hakuupiga randa upande ule, aliuacha vile vile.

Nilivuta kiti, nikakaa, nikakunja mikono. Viwiko vyangu vilitua juu ya saiprasi sawasawa, bila kuinuka na bila kushuka. Nikalala juu yake kama walalavyo watoto darasani mchana, shavu kwenye mbao, nikalia kwa sauti, nikimwita mama, mtu mzima mimi, na kuku wakanyamaza huko nje.

"Umeshang'oa?" Mama Chemutai aliita kutoka uwanjani.

"Bado, mama," nikamwambia. "Ngoja kwanza. Ndio nimeketi."